Nani Atakwenda kwa Mize

Wiki tatu baada ya Fundi kuzikwa, watu walikuwa bado wanaleta nguo. Walifika barazani kwake na vifurushi vyao, wakapiga hodi, na Salma, mtoto wa dada yake, akatoka kuwaambia. Wengine walitoka mbali na hawakuwa wamepata habari. Mzee mmoja alisimama pale na kanzu yake ya kupunguzwa mikono akauliza, "Sasa nimpe nani?" Salma aliipokea ile kanzu kwa sababu hakujua la kumjibu.

Hatukumwita kwa jina. Alikuwa Fundi kwetu sote, wakubwa kwa wadogo, na hata siku ya msiba wake aliyetangaza msikitini ilibidi aongeze "yule Fundi wa njia ya Wawi" ndipo watu wakafahamu ni mwanamke gani aliyefariki. Miguu yake haikuwa ikifanya kazi tangu utotoni, kwa maradhi ambayo hakupenda kuyaeleza. Ukimuuliza alikujibu, "Muulize daktari, mimi mshoni." Ndani ya nyumba alikwenda kwa mikono, amejifunga vipande vya mpira wa tairi viganjani na magotini. Nje alitumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono. Mnyororo wake ulikatika kila mara, na kila mara aliutengeneza mwenyewe, kisha akanawa mikono kwa sabuni mara tatu kabla ya kugusa kitambaa cha mtu.

Nilimjua kwa miaka kumi na tisa. Nilihamia jirani yake nilipoolewa, nikiwa mwalimu mpya wa skuli ya msingi, na nguo ya kwanza aliyonishonea ilikuwa gauni la Idi. Alikataa kunipa mpaka nikae barazani tule pamoja muhogo aliokuwa ameuchemsha. "Anayechukua nguo akenda zake huyo mteja," alisema. "Wateja ninao. Kaa." Tangu siku hiyo aliniita Mwalimu, na mimi nikamwita Fundi, na hatukubadilisha.

Cherehani yake ilikuwa ya mkono, imewekwa juu ya ubao mfupi, na yeye alikaa mbele yake juu ya mkeka. Aliyetaka kupimwa alikaa mkekani pia. Walikuja wakubwa wa maafisini kutoka Chake Chake, wamevaa viatu vya kung'ara, wakabaki wamesimama mlangoni wakingojea waambiwe wasimame wapi. Fundi aliwaonesha mkeka. Nilimwona bwana mmoja mnene akihangaika kukunja magoti, na Fundi akimngojea kwa utulivu, utepe wa kupimia shingoni, kama mtu asiyeona chochote cha kuchekesha. Bwana yule alipokwisha kukaa wakawa uso kwa uso, na hapo ndipo Fundi alipomwamkia. Nafikiri alipenda hivyo. Watu waliosimama walimchosha shingo, na maisha yake yote watu walikuwa wamesimama.

Nisije nikamfanya walii. Fundi alikuwa mkali, na ukali wake mara nyengine haukuwa na haki. Ijumaa alikuwa akipita kipofu mmoja wa kuomba, mtu mpole, na Fundi alimfukuza barazani kwake kwa maneno ambayo sisi majirani tuliona haya kuyasikia. Alimwambia anawafanya walemavu wote waonekane wa kutiwa sadaka mkononi. Lakini mke wa yule kipofu alipojifungua, aliyeshona nguo za mtoto ni Fundi, vijikanzu sita na kofia zake, na alimpa Salma avipeleke kwa sharti asiseme vimetoka wapi. Nilimuuliza kwa nini hakupeleka mwenyewe. Akasema, "Nikenda mimi atanishukuru, na mimi sitaki kuacha kumkasirikia."

Kila Idi alinunua viatu vipya. Alikwenda mwenyewe sokoni Chake, akachagua kwa muda mrefu, akajaribu jozi nne tano, na wauzaji waliomzoea waliacha kumwangalia kwa mshangao. Mmoja ambaye hakumzoea alimwambia, "Dada, hivi utavifanyia nini?" Fundi akamjibu kwamba miguu yake haitembei lakini iko, na watu wanaiona. Alilipa, akavaa pale pale, akarudi nyumbani kwa baiskeli yake miguu imenyooka mbele, viatu vyekundu vya visigino. Aliringa. Alipenda kanga mpya, udi, wanja wa machoni, na alipenda kusifiwa. Ukimwambia amependeza alijibu "Najua," kisha akakuuliza umependa nini hasa.

Afisi moja ya serikali, siitaji, alikwenda miaka miwili kudai mteremko wa baiskeli mahali pa ngazi. Aliandika barua, na mimi nilimsaidia kuzisahihisha, ingawa hazikuhitaji kusahihishwa sana. Mwisho mteremko ukajengwa, na siku ya kuuonesha akaalikwa ili apande watu wapige picha. Akaendesha mpaka juu vizuri kabisa. Huko juu akakuta mlango umefungwa kwa kufuli, kwa sababu mlango ule haukuwahi kutumika na hakuna aliyejua ufunguo uko wapi. Watu wakapiga makofi wakidhani amefika. Fundi aligeuza baiskeli akawatazama, akasema, "Sasa nishuke?" Hadithi hiyo aliipenda mno. Aliisimulia kila alipopata msikilizaji mpya, na kila mara ilipomalizika na watu wakacheka, yeye aliongeza kwamba ule mlango ulifunguliwa baada ya miezi minne.

Rafiki yake wa karibu alikuwa Mize.

Mize alikuwa kiziwi, wala hakusema. Aliishi peke yake katika nyumba ya udongo na paa la makuti chini ya mteremko, jirani na bonde la mpunga, na nyumba ya Fundi ilikuwa juu yake, karibu na njia. Alisuka mikeka na alilima kipande cha mpunga bondeni. Hakuna aliyewahi kumpeleka skuli ya kumfundisha lugha ya ishara, kwa hiyo yeye na Fundi walitunga yao, na kwa miaka mingi ilikuwa imekuwa pana kiasi kwamba waliweza kusengenya mtu akiwa amekaa baina yao. Kila mmoja wetu alikuwa na ishara. Fundi alikuwa mkono unaozungusha gurudumu la cherehani. Imamu alikuwa ndevu. Mimi nilikuwa kiganja kinachopunga mara mbili haraka, na kwa muda mrefu nilidhani maana yake ni mtu wa salamu, mtu mchangamfu. Siku moja nikamuuliza Fundi. Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Maana yake ni yule anayepita," akasema. "Si unapita tu, Mwalimu. Asubuhi unapita, mchana unapita."

Wakati wa korona, tulipoambiwa sote tufunike mdomo na pua, Mize alichanganyikiwa. Alikuwa akisoma midomo ya watu, na sasa midomo yote ilikuwa imepotea. Alikwenda dukani akarudi bila kitu, analia. Kituo cha afya alirudishwa mlangoni kwa sababu hakuelewa alichoambiwa na aliyemwambia hakujua kama anasema na kiziwi. Fundi alikaa siku nzima na mkasi. Alishona barakoa yenye dirisha la nailoni mbele ya mdomo, ile nailoni ngumu ya kufunikia madaftari, na alishona kumi na mbili. Alimpa mwenye duka, akampa muuguzi, akanipa mimi, akampa imamu. Zilitia mvuke na zilichekesha. Muuguzi aliivaa siku moja akaiacha. Mwenye duka aliivaa mpaka korona ikesha, na Mize alipokwenda kununua sukari alirudi na sukari.

Nadhani ni tangu wakati ule ndipo Fundi alipoanza kufikiria jambo ambalo sisi wengine hatukulifikiria: kwamba likitokea la kutokea, tangazo halimfikii kila mtu.

Baadaye, mvua za mwaka mmoja zilipoharibu mashamba, tukaambiwa kila mahali paundwe kamati ya maafa. Kwetu nilichaguliwa mimi kuwa katibu, kwa kuwa hati yangu inasomeka. Kikao cha kwanza kilikuwa skuli, katika darasa lenye ngazi tatu mlangoni. Wanaume wawili walitaka kumbeba Fundi wamwingize. Akawaambia atakaa hapo hapo nje, atasikia. Akasikiliza kikao chote akiwa juu ya baiskeli yake, kichwa kwenye fremu ya mlango, na tulipofika kwenye matangazo ya hatari akauliza yatatolewa vipi.

"Kwa spika ya msikiti," akasema mwenyekiti, mzee tuliyemheshimu sana.

"Na Mize?"

"Mize atajulishwa na jirani."

"Jirani yupi, Mzee?"

"Fundi, majirani wapo. Hapa kwetu hapana mtu anayeachwa."

"Najua hapana," akasema Fundi. "Naomba jina tu. Mwalimu aliandike."

Mwenyekiti akaniashiria niandike, na mimi nikaandika. Niliandika: Mize, kiziwi, atajulishwa na jirani. Nilinyanyua kichwa nikaona Fundi ananitazama, na nikajua anajua kwamba sikuandika jina. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, nina watoto nyumbani, na ajenda zilibaki tatu.

Masika ya mwaka uliofuata mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Ya tatu ilikuwa Ijumaa. Saa tano na kitu za mchana, wanaume wakijitayarisha kwenda kusali, spika ya msikiti ikatangaza kwamba maji ya bonde yanapanda na wote wanaokaa chini wahamie skuli mara moja. Mume wangu alikuwa safarini Unguja. Nikamfunga mdogo mgongoni, nikawashika wengine wawili, nikachukua mkoba wa vyeti, nikatoka. Njia ilikuwa matope matupu na watu walikuwa wanapanda na magodoro vichwani.

Fundi alikuwa barazani kwake. Salma alikuwa ameshuka Chake sokoni tangu asubuhi. Mvua ilikuwa inamrushia usoni na hakujisogeza, alikuwa akimwita kila aliyepita.

"Mize yuko ndani," alisema. "Mlango wake umefungwa. Nani atakwenda kwa Mize?"

Watu walimjibu. Hakuna aliyepita kimya. Mmoja alisema atamtuma mtu, mwengine alisema nadhani ameshatoka. Nilipofika mimi, aliacha kuuliza nani.

"Mwalimu," alisema, "nenda kwa Mize."

"Nawafikisha watoto," nikamwambia. "Nakuja."

Nilipolisema nilikuwa na nia. Nataka hilo lijulikane, ingawa sijui lina faida gani kwa mtu yeyote. Nilifika skuli, watoto wamerowa, mdogo anatetemeka. Nikambadilisha kwa kanga kavu ya mwanamke mwengine. Kisha mwenyekiti akaniona akasema, "Katibu, afadhali umefika, hebu andika majina ya waliofika tujue nani yupo." Nikapewa kalamu. Nikakaa kwenye deski nikaandika majina. Sitasema nilisahau. Nilikumbuka mara mbili, na mara zote mbili nikajiambia lazima kuna mtu ameshakwenda, hawezi kukosekana mtu, nikaandika jina lililofuata.

Fundi aliningoja. Baadaye Salma aliniambia kwa muda gani, kwa sababu Fundi alimwambia: tangu adhana ya kwanza mpaka hutuba inamalizika. Kisha akashuka mwenyewe. Baiskeli ilizama gurudumu la mbele hatua chache tu kutoka barazani, akaiacha, akateremka kwa mikono katika ule mteremko wa udongo mwekundu ambao watu wazima wa miguu miwili walikuwa wanaanguka. Alijivuta, aliteleza, alishika mizizi. Alikuwa amefika kwenye mshelisheli ulio mbele ya nyumba ya Mize, amekaribia mlango, wakati kiambaza cha udongo cha upande wa bonde kilipokaa chini na paa likafuata.

Mize alikuwa amelala. Alikuwa na homa tangu jana yake, na Fundi ndiye peke yake aliyelijua hilo.

Wanaume waliotoka msikitini walimkuta Fundi juu ya kifusi akichimba kwa vidole. Walimwomba aondoke wachimbe wao, hakuondoka. Walipomtoa Mize alikuwa ameshakufa. Fundi alipanguswa matope na wanawake wawili, na wao ndio walioona kwamba kucha nne zilikuwa zimetoka. Miezi miwili hakushona.

Tulimzika Mize siku ile ile, kabla ya magharibi, mvua ikinyesha. Msibani watu walisema yanayosemwa. Walisema ni kadari, na mtu wake Mungu kamtaka. Fundi alikuwa amekaa pembeni, mikono imefungwa vitambaa vyeupe. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kufa ni kadari, naikubali. Kuachwa hapana. Kuachwa tumemwacha sisi."

Wiki iliyofuata wakaja wageni wakubwa kutupa pole, na kikao kikafanywa tena skuli, safari hii nje uwanjani. Mgeni mmoja aliipongeza kamati kwa kuwahamisha watu wote kwa haraka, akasema bahati mbaya imetokea moja tu. Fundi akaomba ruhusa ya kusema. Hakunyanyua sauti. Akaniambia, "Mwalimu, tusomee ule ukurasa wa kikao cha kwanza, pale penye Mize."

Nilikuwa na daftari mkononi. Nikafungua. Nikasoma: Mize, kiziwi, atajulishwa na jirani.

"Huyo jirani ana jina?" akauliza Fundi.

Nikasema hana.

"Ahsante," akasema. "Nilitaka wageni wasikie tu."

Angeweza kunitaja. Uwanja mzima ungegeuka, na kila mtu angelijua yule aliyesema nakuja ni nani, jambo ambalo mpaka siku ile tulilijua mimi na yeye tu. Hakunitaja. Siku zote zilizofuata aliniamkia kama kawaida, akanipokea barazani kama kawaida, na gauni langu la Idi lilikuwa tayari siku tatu kabla. Mwanzoni niliona ni rehema. Baadaye nikaanza kuona tabu kupita mbele ya nyumba yake, na kuna siku nilizunguka kwa nyuma, kwenye mihogo, nifike skuli bila kuonekana.

Yeye aliingia kazini. Alipopona vidole alichukua daftari jipya, akaendesha baiskeli yake nyumba hadi nyumba. Alitafuta vipofu, viziwi, wazee wasioweza kunyanyuka, watoto waliofichwa vyumbani kwa sababu ya kifafa au akili. Kwa kila mmoja alitaka majina mawili ya watu wa kwenda kumchukua, na kila mmoja wa hao wawili aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe, wala hakukubali kuandikiwa. Watu walimkimbia. Walisema anatia uchuro, anawaitia balaa. Nyumba moja walikana kuwa na mtoto mlemavu huku mtoto anasikika akilia ndani. Fundi alikaa nje ya nyumba ile mpaka mama yake akatoka, na siku ile hakuandika kitu, walizungumza tu habari za mapishi. Alirudi mara tano. Mara ya sita mtoto akatolewa nje, msichana wa miaka kumi na moja ambaye nusu ya majirani hawakujua kama yupo.

Alikwenda mpaka Tibirinzi, na vitongoji ambavyo havikuwa vyetu. Kwangu hakuja kuomba jina. Nilimngoja aje.

Mara ya mwisho nilipozungumza naye ilikuwa mwezi mmoja kabla ya masika. Alikuwa amelazwa hospitali siku kumi, figo zimemchoka, na akaomba arudishwe nyumbani. Nilimpelekea uji baada ya sala ya alasiri. Salma alinifungulia akaenda jikoni. Fundi alikuwa amelala ubavu, amepungua sana, uso umebaki macho. Wanja alikuwa amepaka.

Akanywa uji vijiko vitatu vinne. Kisha akaniomba nimshikie lile daftari nimsomee, kwa sababu macho yalikuwa yanamcheza. Nikasoma. Kila jina alitikisa kichwa kidogo. Tulipofika kwa Mzee Hamadi wa Tibirinzi, kipofu anayekaa peke yake nyuma ya machinjio ya zamani, akanisimamisha.

"Watu wake wawili hao, mmoja kahamia Unguja," alisema. "Na mwengine kafariki mwezi wa Rajabu. Hana mtu."

"Tutatafuta," nikasema.

Nikalifunga daftari. Kuku walikuwa wanaparura nje ya dirisha. Nilikuwa nimelibeba lile jambo miaka mitatu, na nikaona nisipolisema pale sitalisema tena.

"Fundi," nikamwambia, "siku ile nilikwambia nakuja."

"Ee."

"Sikuja."

"Hukuja."

"Nilifika skuli nikakaa nikaandika majina. Nilijua yuko ndani. Nilisema atakwenda mtu mwengine."

Aliposema hakusema kwa hasira, na ningelipenda kuwe na hasira.

"Walipita watu watatu baada yako," alisema. "Mmoja mwanamme mwenye nguvu zake, hana mtoto wala mzigo. Sikumwita. Nilisema Mwalimu keshasema anakuja."

Nilitaka kusema nisamehe, nikaacha, kwa sababu niliona aliyekuwa na haki ya kuambiwa hayupo. Nikalia. Fundi akanitazama ninavyolia bila kunikataza. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, zile kucha nne zilizoota upya zikiwa nene, zimepinda kidogo, na hakuunyoosha kwangu wala hakuuondoa.

Nilipotulia akauliza kama mvua imeanza.

"Bado," nikasema. "Mawingu tu."

"Tibirinzi unapajua. Nyuma ya machinjio ya zamani."

"Napajua."

"Basi nenda sasa. Andika jina lako mbele yake umsomee, alisikie."

Nikachukua daftari na kalamu. Mlangoni kwa mazoea nikataka kumwambia nitakuja kesho, nikajizuia. Nikavaa viatu nikaenda.